Niliwakataza Majirani Wasikulishe

Minza,

Marahaba, mama. Najua ukiifungua barua hii kitu cha kwanza kichwani mwako kitakuwa shikamoo, kwa hiyo nimeitikia mapema ili tuendelee.

Sasa hivi ni saa kumi jioni. Wewe na mama yako mmeenda kuaga kwa Mama Koku, na navyomjua hatawaachia kabla hajawapikia. Nimekaa hapa nje kwenye jiwe la kuanikia. Karatasi nimechana kwenye daftari la Masanja, na kalamu pia ni yake, inavuja kidogo, usishangae madoa. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Juzi ulipokuwa unakunja nguo nilikaa mlangoni muda mrefu, nikaishia kukuuliza kama huko Mugumu unakokwenda kufundisha kuna baridi. Ukasema, "Baba Masanja, hilo umeniuliza jana." Ukacheka. Nikaenda zangu kumwagilia mchicha.

Habari za kuchemsha maji, za chandarua, za kumsalimia mwalimu mkuu siku ya kwanza kabla hujamsalimia mtu mwingine, mama yako ameshazimaliza. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina mambo mawili ya kukiri. Moja ni la zamani na nusu yake unaijua. La pili ni la Jumanne iliyopita na hulijui kabisa. Naanza na la zamani, maana bila hilo hili la Jumanne hutalielewa.

Ulikuja kwangu una miaka miwili, umelala mgongoni kwa mama yako. Hakuwahi kunificha kwamba ana mtoto. Makubaliano na wazazi wake kule Misungwi yalikuwa wewe ubaki kwa bibi yako. Siku ya kuhamia hapa Butimba akashuka na wewe. Nikamwuliza, "Si tulikubaliana?" Akanijibu, "Mlikubaliana nyinyi." Basi. Nikapokea sanduku lake. Wewe sikukupokea.

Kwetu unajua ilivyo. Mtoto ni wa mwenye ng'ombe. Kama mwanaume hakupeleka ng'ombe kwa ajili ya mtoto huyo, basi siku binti akiolewa zizi linalojaa ni la watu wengine. Dada yangu alipokuja kututembelea kutoka Kwimba alikutazama kidogo tu, akasema, "Ndugu yangu, unanenepesha ndama wa watu." Alisema kwa sauti, na wewe ulikuwa umekaa pale pale unachezea kifuniko cha sufuria. Nilipaswa kumnyamazisha. Nilicheka. Na kuanzia siku ile nikawa nakuangalia kwa macho ya dada yangu, kama kitu ambacho nakitunza halafu mwenyewe atakuja kukichukua.

Masanja alipozaliwa watu wakaanza kuniita Baba Masanja. Wewe ulikuwa unaniita baba tu. Siku moja, una miaka mitano hivi, nilikurekebisha. Nikasema, "Mimi ni Baba Masanja." Ukarudia vizuri kabisa, kama mtoto anayefundishwa salamu. Hujakosea tena mpaka leo.

Na unakumbuka nilivyokuwa nakula. Kigoda changu pale karibu na mlango, sinia ya ugali, sato wangu na kichwa chake. Nikikaribia kushiba naacha matonge mawili na upande mmoja wa samaki, halafu naita, "Masanja, njoo uondoe vyombo." Nyumba zote za hapa uani zilijua maana yake. Mtoto anayeitwa kuondoa vyombo vya baba ndiye mtoto wa baba, na yale matonge anayala njiani kabla hajafika jikoni. Wewe ulikuwa unasimama umeegemea mlango, mguu mmoja juu ya mwingine. Sikuwahi kukuita.

Mama yako alipoanza kwenda visiwani kununua dagaa, alikuwa anakaa huko wiki moja, na ziwa likichafuka wiki mbili. Nilikuwa napika mimi. Nikisema nilikunyima kabisa ningekuwa nadanganya, na tena ingekuwa rahisi zaidi kukiri. Nilikuwa nakupa kidogo. Nilijua mtoto wa miaka tisa anashiba kwa kiasi gani, nikawa nakupa pungufu ya hapo. Sikukosea kupima. Naomba hilo ulijue kutoka kwangu, usije ukanitetea siku moja ukasema mwanaume yule hakujua kupika.

Ukaanza kupotea jioni. Mara uko kwa Mama Koku unakula ndizi, mara uko kule mwaloni, wanakoshusha samaki, na yule mama aliyekuwa anaanika dagaa, anakukaangia kidogo pembeni. Mwalimu wako wa darasa la tatu naye, nilikuja kusikia baadaye, alikuwa anakupa nusu ya muhogo wake saa ya mapumziko. Kuna mtu akanitania barabarani, "Yule binti yako ameshakuwa Mhaya, anakula ndizi kuliko wenyewe." Nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni. Mtu mwenye akili angeenda nyumbani akaongeza unga kwenye sufuria. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasikupe chakula.

Nilianza na Mama Koku. Alikuwa amekaa nje anamenya ndizi.

"Mama Koku, naomba huyu Minza usimpe chakula. Kwao kipo."

Hakuinua kichwa. "Kipo?"

"Kipo."

"Sasa mbona anakula kama anakimbizwa?"

"Ni tabia tu. Ananitia aibu."

"Baba Masanja, mimi nimetoka Kagera na sufuria zangu mwenyewe. Leo unakuja kunipangia ratiba ya jiko?" Watoto wake walikuwa ndani, wakaangua kicheko. "Nenda zako, bwana. Na hiyo aibu yako isalimie."

Wengine waliitikia vizuri. "Haya, Baba Masanja, tumesikia." Jioni ile nilikuchapa. Kuchapwa unakukumbuka, lakini sababu hukuijua. Nilikuambia ni kwa sababu ya kuzurura. Nilikuchapa kwa sababu watoto wa Mama Koku walinicheka.

Sasa nikueleze kitu kilichotokea kazini mwezi huo huo. Anayekijua ni Mzee Lutonja peke yake, kwa sababu alikuwepo.

Unakumbuka pale hotelini ninapotunza bustani, kule mwisho ambako majani yanakatika na matete yanaanza. Mnana wamejaa pale, wale ndege wadogo wa njano wanaosuka viota vya kuning'inia juu ya maji. Mzee Lutonja alichunga ng'ombe utoto wake wote kabla hajaja mjini kukata majani, na ndege anawajua kama watu. Asubuhi moja akanigusa bega.

"Mwone mpumbavu yule."

Mnana alikuwa amesimama juu ya mgongo wa kifaranga. Kifaranga kilikuwa kikubwa kumzidi, kimekaa kwenye tete nje ya kiota, kimeachama mdomo mwekundu, na yule mdogo ameinama anakitumbukizia funza mpaka kichwa chake karibu kizame humo kooni.

"Mtoto anakuwaje mkubwa kuliko mzazi?" nikauliza.

"Si wake huyo. Ni wa yule wa kijani, anayeng'aa mgongo, anayepiga kelele asubuhi. Yule hana kiota. Anavizia mwenzake ametoka, anataga humo, anaondoka. Yai linafanana na ya mwenye nyumba. Kifaranga kikianguliwa, hata macho hakijafungua, kinayasukuma mayai mengine yanaangukia majini. Kinabaki peke yake."

"Na huyu analisha tu?"

"Analisha mpaka anakonda."

Minza, pale pale nilijiona. Nilimwona yule mnana nikasema huyo ni mimi, na dada yangu alikuwa sahihi. Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza, mtu mzima na ndege. Nikaingia kwenye matete, maji yananifika magotini, nikakikamata kile kifaranga. Kilikuwa kinajua kuruka kidogo tu, hakikufika mbali. Nikakibeba mpaka upande wa pili wa bustani, kwenye ukuta wa mawe karibu na pampu, nikakiweka juu. Na nikakiambia, kwa mdomo wangu huu, "Kamtafute mama yako akulishe."

Mzee Lutonja alikuwa ananiangalia. "Wewe, una kesi na ndege?"

"Sina."

"Haya."

Nikaanza kupalilia maua hatua kama kumi kutoka pale ukutani. Kifaranga kilikuwa kinalia. Hakilii kama kuku, kwamba analia anapumzika. Hiki kilikuwa kinalia mfululizo, kinatikisa mabawa, mdomo wazi. Nikajisemea kitachoka.

Akapita ndege mweusi na mweupe, wale wanaotikisa mkia wakitembea. Mdomoni ana mdudu. Huyo nilimfahamu, alikuwa na watoto wake chini ya bati la banda la mitumbwi, na alikuwa anaelekea huko huko. Alishapita ukuta. Akageuka angani. Akatua pembeni ya kifaranga, akakiangalia, akakipa mdudu wa watoto wake. Akaruka kwenda kutafuta mwingine.

Nikasimama na jembe langu. Baada ya muda akaja shomoro kutoka kwenye paa la jiko. Naye akatoa alichobeba. Halafu akaja mwingine mdogo wa kahawia, jina lake silijui mpaka leo. Yule wa mkia akarudi tena. Mpaka saa ya chakula walikuwa wameshafika ndege wa aina tatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyedanganywa na yai. Yai halikutagwa kwao. Kifaranga hakikukaa kiotani mwao hata siku moja. Walikuwa wanapita na shughuli zao, wakasikia kilio, na mdomoni walikuwa na kitu.

"Wanakosea hao," akasema Mzee Lutonja. Alikuwa amekaa anakula kiporo chake.

"Wanakosea," nikasema.

Akatafuna kwanza. "Lakini kinakua."

Sisemi ndege wana huruma. Mzee Lutonja anasema wakiuona ule mdomo mwekundu hawawezi kujizuia, ndivyo walivyoumbwa, na huenda ni kweli. Wala sisemi wewe ni kifaranga kile. Wewe hukumsukuma mtu. Masanja nani alimfundisha kuhesabu? Ninachosema ni kwamba asubuhi nilijiona mimi ni mnana, na kufika mchana nikajua mimi si mnana. Mnana alikuwa analisha. Mimi nilikuwa yule aliyekitoa kiotani akakiweka ukutani, na juu ya hapo akapita kwa kila ndege kumwambia apitilize.

Saa nane nilikichukua nikakirudisha kwenye matete. Mnana alikuwa bado yupo. Ana funza mdomoni, anaingia kiotani, anatoka, anaingia tena.

Ungedhani nilirudi nyumbani nimekuwa mtu mwingine. Jioni ile nilikula nikaacha nusu nzima ya samaki, nikaita, "Minza, njoo uondoe vyombo." Masanja akaja mbio kama kawaida yake, nikamrudisha. Wewe ulikuja mikono imejificha nyuma, unatembea ubavuubavu. Ulijua ni mtego. Ukachukua sinia bila kuniangalia. Baadaye nilipoenda jikoni nilikuta umefunika ile nusu ya samaki kwa sahani, nikakuuliza mbona hujala, ukasema, "Nimemwekea Masanja."

Nilitoka nje nikasimama gizani kama mtu aliyesahau alichofuata. Nilitakiwa kurudi ndani nikae chini na wewe. Sikurudi. Nikawa nakuita kila siku, na wewe kila siku ukawa unamwekea Masanja, ikapita miezi ndipo nikakuona siku moja unakula njiani. Nilidhani inatosha. Nilidhani chakula kitaongea kwa niaba yangu, na kwamba nikibadilika kimya kimya yale ya nyuma yatajifuta. Hayakujifuta, Minza. Ulikua ukawa na adabu kwangu kama adabu ya mpangaji. Hukuwahi kuniomba kitu. Wenzako wanawasumbua baba zao wanataka viatu, wewe viatu vikitoboka nilikuwa naviona mimi mwenyewe mlangoni. Nimekupeleka shule, nimekupeleka chuo, na kila mara ulisema "asante" ile ile unayompa kondakta.

Kwa Mama Koku nilirudi, lakini ulikuwa umeshafika kidato cha pili. Nikamwambia nilikosea. Akaniangalia akasema, "Kwa hiyo ratiba imebadilika?" Kisha akanipa kiti. Akaniambia hakuacha kukulisha hata siku moja, na wale waliosema "tumesikia" nao hawakuacha. Walikuwa wanakupitisha nyuma ya choo ili nisikuone. Uani kote walijipanga namna hiyo, watu ambao hata maji ya bomba huwa wanagombania.

Hilo ndilo la zamani. Sasa la Jumanne.

Jumanne ulikuwa umeenda Nyamagana kutoa nakala za vyeti. Saa sita hivi mwanaume mmoja akapiga hodi. Rika langu, mwembamba, kofia mkononi. Tukasalimiana. Akasema, "Naitwa Luhende, natokea Geita. Nadhani unanijua bila kuniona."

Nilimjua kabla hajamaliza. Ukisikiliza mtu unainamisha shingo kulia kidogo, nimeiona shingo hiyo miaka ishirini na mbili. Ndiye baba aliyekuzaa. Kwamba yupo unajua, mama yako alikuambia mapema. Kwamba alikuja hapa mlangoni, hujui.

Akasema amesikia kwa watu wa Misungwi kwamba umepata kazi ya ualimu. "Sikuja kuchukua mtu," akasema. "Sina haki hiyo. Nataka nimwone tu kabla hajaenda mbali."

Nikamwambia, "Ameshaondoka. Jumapili."

Kandambili zako zilikuwa pale kizingitini, umetoka kuziosha asubuhi, bado zina maji. Akaziangalia. Akasema, "Haya. Ukiongea naye msalimie." Akaniachia namba yake kwenye kipande cha karatasi, akavaa kofia, akaondoka. Hata maji sikumpa. Mgeni ametoka Geita na jua lile.

Miaka kumi na tano imepita tangu siku ya ndege, nami nimesimama mlangoni nikamfukuza mtu aliyebeba kitu chako. Sikujifunza kama nilivyojidanganya nimejifunza. Nilichojifunza kwenye chakula hakikuhamia penginepo. Na sababu naijua. Niliogopa utamwona, utaiona sura yako usoni kwake, na mimi nitabaki kuwa mtu aliyekupa nyumba ya kulala. Nilikuwa nasubiri, Minza. Tangu siku ulipopata barua ya kazi nilikuwa nahesabu siku zilizobaki, nikitumaini kwamba katika mojawapo utakosea, labda una haraka, labda umebeba kitu kizito, uniite baba. Nilitaka siku hizo ziwe zangu peke yangu. Nikazilinda kwa uongo.

Jana nilimwambia mama yako. Sikutegemea atulie vile. Akasema, "Umwambie wewe. Mimi nilimbeba, wewe ulimnyima, Luhende alikimbia. Kila mtu aseme lake." Akaendelea kuchambua mchele.

Leo mchana nikampigia simu yule bwana. Nikamwambia, "Nilikudanganya. Yupo. Anaondoka kesho, basi la saa kumi na mbili asubuhi, Buzuruga."

Akasema, "Nilijua. Niliona kandambili."

"Mbona hukusema?"

"Nyumba ni yako."

Nikamwuliza kama atawahi, maana Geita mpaka hapa asubuhi ile ni kazi. Akasema, "Sijarudi Geita. Nipo kwa binamu yangu Igoma tangu Jumanne. Nilisema labda utanipigia."

Barua hii nitakupa ukirudi, tukishamaliza kula. Sikuombi unisamehe leo, una safari, usipakie na hilo. Kama hutaki kumwona, nirudishie karatasi hizi tu bila kusema neno, nitampigia asije, na kumwambia hivyo ni kazi yangu. Kama unataka, atakuwa pale upande wa ofisi za tiketi, amesema atavaa shati la bluu. Nitabeba begi lako mpaka kwenye buti, nitahakikisha wameliandika jina, nitakuonyesha alipo. Halafu nitavuka barabara. Mtakuwa na kama nusu saa, nimehakikisha tutafika mapema. Muulize chochote. Mwache akununulie kitu cha njiani akitaka, na ukipokee.

Mimi nitakuwa ng'ambo pale wanapouza chai. Usijisumbue kunitafuta kwa macho, na usimkate mazungumzo kwa ajili yangu. Sitaondoka mpaka basi litoke.

Ni mimi,
Paulo